Kahawia-kijivu iliyokolea ndani ya nyumba: ukuta mmoja, nusu ukuta au chumba kizima?

Kuna rangi moja siku hizi kila nikiingia nyumba iliyotoka kujengwa naikuta, au namkuta mwenye nyumba anaitafuta. Si kijivu kamili, si kahawia kamili, iko kama udongo wa mfinyanzi ukiwa bado umelowa, au kahawa nyeusi ambayo mtu kaidondoshea majivu. Dukani kila kampuni inaiita jina lake. Bibi wa jirani alivyoiona kwangu mara ya kwanza alisimama mlangoni akauliza, "Mwanangu, mbona umepaka ugoro ukutani?" na kusema kweli hakukosea. Marekani kampuni ya rangi ya Sherwin-Williams waliitoa moja ya ukoo huu, Urbane Bronze, ikawa rangi yao ya mwaka 2021, halafu 2025 Pantone, kampuni inayotangaza rangi ya kila mwaka, wakaja na Mocha Mousse ambayo ni mdogo wake aliyechanganywa na maziwa, basi picha zikajaa na watu wanaenda dukani na simu mkononi, nataka kama hii.

Kuipata si shida, duka lenye mashine ya kuchanganya watakutolea kitu kinachokaribia. Shida inaanza ukishafika nyumbani na ndoo, unaipaka wapi na unaishia wapi? Njia ziko tatu ambazo watu wanazipigia simu mafundi: ukuta mmoja tu, nusu ya chini ya kuta zote, au chumba kizima mpaka dari. Mimi nimeishi na mbili, sebuleni ukuta mmoja, chumbani tukapiga chote. Ile ya nusu ukuta iko kwa shemeji yangu Arusha ambako nimelala wiki nzima na watoto wake watatu, kwa hiyo najua inavyopitia mitihani.

Vitu vya kupimia

Nitazipima zote tatu kwa mambo matano yaleyale, vinginevyo tutaishia kubishana picha gani nzuri.

La kwanza mwanga. Rangi zina namba inaitwa LRV, ni asilimia ya mwanga ambao ukuta unaurudisha, sifuri ni weusi mtupu na 100 ni weupe ambao hata dukani haupo. Nyeupe za kawaida ziko themanini na kitu. Urbane Bronze ni 8. Nane! Yani ukuta unameza karibu kila kitu unachoupa. Na zile picha nzuri za mtandaoni nyingi ni za nyumba zenye vioo kuanzia chini mpaka juu, sisi tuna grili, tuna wavu wa mbu, tuna pazia jepesi na pazia zito, halafu nje kuna baraza lenye paa limeshuka, kwa hiyo jua mpaka lije kufika ukutani limeshalipishwa ushuru mara tano.

La pili hali ya ukuta wenyewe: plasta yenye mabonde, nyufa, mifereji ya waya iliyofukiwa, unyevu na chumvi. La tatu ni rangi kiasi gani na kazi ya fundi. Hapa nitatumia chumba kimoja cha mfano, mita 5 kwa 4, ukuta mita 3 kwenda juu. Kuta zote nne zinakuja mita za mraba 54, toa mlango na madirisha weka 45. Lita moja kwenye ukuta uliopigwa skimingi (ule utandu laini wa mwisho juu ya plasta) vizuri inapaka kama mita za mraba 10 kwa koti moja. Na hesabu koti tatu, usihesabu mbili, maana rangi zilizokolea zinachanganywa kwenye besi, yani rangi ya msingi, yenye weupe kidogo sana ndani, na ule weupe ndio unaofunika cha nyuma, kwa hiyo koti la kwanza ni michirizi tupu na watu wengi hapo ndipo wanapompigia fundi kelele bure. Ukimwambia apige kwanza andakoti, yani koti la chini, ya kijivu badala ya nyeupe unaweza kuokoa koti moja.

La nne maisha ya kila siku. Hapa kuna kitu hakuna aliyeniambia kabla: rangi hii inaficha vyeusi, inafichua vyeupe. Alama za mikono, moshi kidogo, uchafu wa kawaida hauonekani kabisa. Ila vumbi lililokaa juu ya skatingi, chaki ya mtoto, chumvi ya ukuta, na mavi ya mjusi yenye ile ncha nyeupe, hivyo vyote utaviona ukiwa umekaa kwenye sofa. La tano ni kurudi nyuma, siku ukiichoka au mwenye nyumba akitaka ukuta wake.

Ukuta mmoja

Mwanga. Hii ndiyo yenye huruma kuliko zote, kuta tatu zinabaki nyepesi zinaendelea kurudisha mwanga, ule mmoja unakaa nyuma kama mtu mzima kwenye picha ya familia. Ila chagua ukuta sawasawa. Usipake ukuta wenye dirisha, mchana dirisha linawaka katikati ya giza na macho yanachoka, utajikuta unafunga pazia saa sita mchana. Paka ule unaotazamana na dirisha au ule wa kwenye tivii. Nyuma ya tivii ina faida yake, tivii ikizimwa lile sanduku jeusi linapotelea ukutani, na ikiwashwa usiku macho hayapigwi na ukuta mweupe unaong'aa pembeni.

Hali ya ukuta. Unaweza kumwaga hela ya skimingi kwenye ukuta mmoja ukawa kama kioo, hiyo ni nafuu. Lakini ukuta wa tivii ndio huohuo wenye soketi nne, waya wa dishi, na mfereji ambao fundi umeme alitindua akafukia kwa haraka. Kwangu ulionekana umenyooka mchana wote. Jioni tukawasha zile laiti za kwenye jipsam zinazomwaga mwanga kutoka juu kushuka chini, mfereji wote ukajitokeza kuanzia darini mpaka kwenye soketi kama kovu la operesheni. Fundi akaja akaangalia, akapitisha kiganja, akasema, "Dada, huu ukuta ulikuwa hivi siku zote, ulikuwa mweupe tu." Na ndio ukweli. Kwa hiyo kama una laiti za kumwaga ukutani ziwashe kabla ya kupaka, fundi apige msasa zikiwa zinawaka, hapo ataona kila kitu.

Rangi na kazi. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12, koti tatu ni lita 3.6, kopo moja la lita 4 linamaliza na linabaki la kiraka. Kazi ya siku moja ukitoa puti.

Maisha. Ukipaka nyuma ya sofa basi ujue vichwa vya watu vina mafuta, baada ya mwezi kuna duara tatu zinazong'aa zimejipanga kama medali. Sogeza sofa kidogo mbele, yameisha.

Kurudi nyuma. Rahisi, prayima (rangi ya kushikiza inayotangulia) na koti mbili tatu za rangi nyepesi, Jumamosi moja.

Kasoro yake ni moja lakini kubwa, ukikosea kuta nyingine tatu inaonekana kama kiraka, kama rangi iliisha. Hizo tatu zisiwe nyeupe ya kwenye friji, ile yenye ubuluu ndani. Ziwe nyeupe iliyoegemea maziwa au mchanga, ndipo zinaongea lugha moja na ule mweusi. Inamfaa aliyepanga, mwenye dirisha moja, na mtu ambaye bado anasitasita, maana ni njia ya kuonja bila kununua mtungi mzima.

Nusu ukuta

Tuseme ukweli kwanza, sisi nusu ukuta tumeijua kabla ya Pinterest. Shule za msingi, zahanati, vituo vya polisi, chini rangi ya mafuta iliyokolea, juu krimu. Ilikuwa na akili yake, sehemu inayoguswa na miili ya watu iweze kufutwa. Ndio maana ukiikosea tu kidogo sebule inageuka chumba cha kusubiria sindano. Kinachoitofautisha ni vitu viwili, usitumie ile ya mafuta inayong'aa, na usikate katikati kabisa ya ukuta. Kata chini zaidi, karibu theluthi, au juu zaidi, mstari wa katikati kabisa unafanya ukuta uonekane mfupi.

Na hapo kwenye kukata kuna mtego wa swichi. Swichi nyingi nyumbani zinakaa kati ya mita 1.2 na 1.4 kutoka sakafuni. Fundi akivuta mstari wake kwenye 1.2 au 1.3 unapita katikati ya kila swichi ya nyumba, nusu iko gizani nusu iko kwenye mwanga, na ukishaiona huwezi tena kuacha kuiona. Shemeji alivuta kwenye 1.1, swichi zote zikabaki juu, soketi zote zikabaki chini, safi kabisa.

Mwanga. Nusu ya juu na dari vinarudisha mwanga vizuri, kwa hiyo unapoteza kidogo kuliko chumba kizima. Korido ambayo haina dirisha kabisa inaweza kuvumilia hii, ile ya chumba kizima isiweze mpaka uwashe taa.

Hali ya ukuta. Hapa ndipo inapoanguka vibaya kwa sisi wa pwani. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, chumvi inatoka kwenye mita moja ya kwanza ya ukuta, yani palepale unapotaka kupaka rangi ya giza. Kama nyumba ya chini ina historia ya rangi kububujika, kubanduka, au kutoa ungaunga mweupe baada ya masika, nusu ukuta itakuwa tangazo la ugonjwa wa nyumba yako. Na usidanganywe kuufunika kwa rangi ya mafuta, maji yatatafuta pengine pa kutokea. Kwanza utafute maji yanatoka wapi, ukuta ukauke, ndio urudi kwenye mambo ya rangi. Ghorofani au sehemu kavu hili halikuhusu.

Rangi na kazi. Mzunguko wa chumba chetu ni mita 18, kwa kimo cha 1.1 unapata kama mita za mraba 19 ukitoa mlango, koti tatu ni karibu lita 6. Rangi si nyingi ila kazi ni ya mtu mwenye subira, mstari lazima uvutwe kwa pimamaji au leza, usipimwe kwa futi kutoka sakafuni maana sakafu zenyewe hazijalala sawa, utapata mstari unaoteremka taratibu kuelekea jikoni. Tepu ibanduliwe rangi ikiwa bado na ubichi kidogo, ikikauka kabisa inang'oa kingo. Kama fundi wako anasema tepu ya nini mkono wangu umenyooka, mwache aonyeshe kwanza nyuma ya mlango.

Maisha. Hapa inashinda zote, sina ubishi. Watoto wa shemeji wanapita na baiskeli ndani, viti vya kulia chakula vinagonga ukuta, mikono michafu, mpira, na kule chini hakuna kinachoonekana mpaka uiname. Vumbi ndio linakaa kwenye ule mstari ikiwa mtu ameweka ubao juu yake, unafuta kwa kitambaa cha unyevu siku ya usafi basi.

Kurudi nyuma. Katikati, eneo si kubwa ila kwenye mstari rangi hujenga kijituta kidogo, usipokipiga msasa kitaonekana chini ya rangi mpya milele.

Inamfaa mwenye watoto, mwenye korido ndefu, sehemu ya kulia chakula, na nyumba za makochi marefu ya mninga, maana wekundu wa mninga ukikaa mbele ya kahawia-kijivu unatulia vizuri sana, kuliko unavyopiga kelele mbele ya ukuta mweupe.

Chumba kizima mpaka dari

Hii ndio watu wanaiogopa na ndio wanaiota. Kuta, skatingi, mlango, fremu, dari, vyote rangi moja. Nilivyomwambia fundi dari nayo alinyamaza kidogo, akauliza mara mbili, halafu akampigia simu mume wangu kuhakikisha.

Mwanga. Kuna jambo la ajabu hapa. Kwenye ukuta mmoja jicho linaona mpaka, giza hapa, mwanga pale. Kwenye chumba kizima mipaka inapotea, kona hazionekani zinaishia wapi, na chumba kidogo ambacho hata kikipakwa nyeupe kilikuwa kinaonekana kijivu kwa kukosa jua, sasa giza lake linaonekana la makusudi. Hicho ndicho kilikuwa chumba chetu, dirisha moja linaangalia ukuta wa jirani, nyeupe yake ilikuwa inachosha roho. Lakini usijidanganye kwamba mwanga unaongezeka, hauongezeki hata chembe. Mchana ukitafuta sindano utawasha taa. Balbu moja katikati ya dari haitoshi tena, inabidi uwe na taa mbili tatu za pembeni, na siku umeme umekatika ile balbu ya kuchaji inaonekana kama kibatari. Fikiria hilo kama mtaa wenu umeme unaenda na kurudi.

Hali ya ukuta. Kila kitu lazima kiwe kimenyooka kwa sababu hakuna pa kukimbilia, ila kwa sababu hakuna mipaka makosa ya kona na ya dari kukutana na ukuta yanapotea yenyewe. Ukitumia mati yani isiyong'aa kabisa, mabonde madogo nayo yanamezwa. Nyumba mpya subiri plasta ikauke, wiki nne ndio kidogo kabisa, na kama ulipiga plasta kipindi cha masika ongeza.

Rangi na kazi. Kuta 45, dari 20, jumla 65, mara koti tatu ni 195, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inaingia yote na inalambwa. Na nunua ndoo moja, tafadhali. Sisi tulinunua makopo matano ya lita 4 kwa awamu mbili duka lilelile, namba ileile ya kadi, ya pili ikaja na wekundu wa kuhisi tu. Tukagundua kwenye kona ya juu ya kabati, koti la mwisho, upande mmoja udongo, upande mwingine kama umepita karibu na maharage. Muuzaji akasema ndio hiyohiyo. Kama lazima ununue makopo, yamimine yote kwenye pipa moja ukoroge kabla brashi haijagusa ukuta. Halafu ukuta mmoja unapakwa kwa mkupuo mmoja feni ikiwa imezimwa, feni ikikausha kingo kabla rola haijafika inaacha fremu ya brashi kuzunguka ukuta wote, na kwenye giza hiyo fremu inaonekana.

Maisha. Mjusi nilishamsema. Mwingine ni mbu, mbu wanapenda kupumzika pa kiza, na kwenye ukuta huu akikaa humuoni, zile enzi za kumpiga na kandambili kwa shabaha zimekwisha, unabaki na neti yako, na neti hiyo ikiwa nyeupe inapendeza kweli mbele ya ukuta, hilo nalikubali. Swali la joto kila mtu ananiuliza. Rangi ya giza inaleta joto pale jua linapoipiga moja kwa moja, kwa hiyo ni habari ya ukuta wa nje na bati, ndani chumba chetu hakijaongezeka joto lolote ninaloweza kulisema. Isipokuwa una dirisha kubwa la magharibi linaloruhusu jua la saa kumi kumwagika ukutani, hapo ukigusa ukuta utausikia.

Kurudi nyuma. Mateso. Prayima, koti tatu za nyeupe, na dari juu ya yote, shingo itakukumbusha wiki nzima. Kama umepanga usithubutu bila maandishi ya mwenye nyumba.

Inamfaa mwenye chumba kinachotumika zaidi usiku, cha kulala, cha kuangalia mpira, cha kusomea. Inawafaa sana wa sehemu za baridi, Iringa, Njombe, Mbeya, Nairobi ile ya Julai ambayo jua linaonekana kwa msamaha, huko ukuta wa kahawia na taa ya njano ni sawa na blanketi. Haimfai mtu ambaye sebule yake ndiyo ofisi, ndiyo darasa la watoto, ndiyo sehemu ya kushonea. Dari ya chini ya mita 2.6 pia fikiria mara mbili, au mwambie muuzaji akuchanganyie ya dari kwa nusu ya rangi, inabaki ukoo mmoja lakini inapumua.

Kuna hii ya nne pia ambayo sikuihesabu

Acha kuta, paka milango, fremu na makabati tu. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zilishafanya hesabu hii zamani, ukuta mweupe wa chokaa unashika mwanga, giza linakaa kwenye mlango wa kuchongwa na boriti za mikoko darini. Kopo moja la rangi ya mbao linatosha milango miwili mitatu. Kama umesoma mpaka hapa na moyo bado unakataa kuta, hii ndiyo yako.

Kabla hujalipa, iwe njia yoyote

Chukua kipande cha jipsam kilichobaki au boksi gumu, piga koti mbili za sampo, yani rangi kidogo ya kujaribia, acha ikauke usiku mzima maana rangi hizi zikiwa mbichi zinadanganya, zinakolea zikikauka. Weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni yake, hapo ndipo damu ya rangi inatoka, nyingine ina zambarau ndani, nyingine ukijani, nyingine wekundu. Ya wekundu inakubaliana na mninga, ya ukijani inakubaliana na mimea na makuti na vikapu vya ukindu, ya zambarau inahitaji bahati. Ihamishe kipande chako ukuta hadi ukuta, iangalie saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa mbili usiku.

Saa mbili usiku ndio mtihani wenyewe kwa sababu ya balbu. Nyumba nyingi tunafunga zile nyeupe kali, zimeandikwa 6500K, na chini ya hizo kahawia-kijivu inakufa inakuwa simenti mbichi. Watu wanalaumu rangi. Funga za 2700K au 3000K, zile za njano, ukahawia unarudi palepale. Badilisha balbu kwanza, ni bei ndogo kuliko ndoo.

Kuhusu kung'aa: mati inaficha mabonde ila ukiisugua inaacha mng'ao na kucha ikipita inaacha mstari mweupe, silki, ile yenye mng'ao, inafutika ila inaonyesha kila kosa la fundi. Kwa ukuta mmoja na chumba cha kulala mimi nimetumia mati, kwa nusu ukuta shemeji katumia ile ya katikati yenye mng'ao hafifu na sioni kwa nini mtu atumie nyingine pale.

Na kama umehamia ndani karibuni, kumbuka jua linahama. Dar kuanzia kama Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko upande wa kusini, miezi mingine yote liko kaskazini. Sampo uliyoiangalia Desemba kwenye chumba cha dirisha la kusini, Juni itakuwa giza zaidi.

Sasa wewe uko wapi

Umepanga, mkataba wa mwaka: ukuta mmoja, tena muulize mwenye nyumba kwa ujumbe ubaki na jibu kwenye simu, au vibao na fremu za picha tu.

Nyumba yako, watoto chini ya miaka kumi, sebule na kulia chakula vimeungana: nusu ukuta upande wa kulia chakula na korido, sebule iache nyepesi. Ukitaka zote mbili zifanane ongeza ukuta wa tivii.

Nyumba ya chini karibu na bahari, ukuta unatoa ungaunga: usianze na nusu ukuta wala chumba kizima. Chagua ukuta wa ndani usiogusa nje, mara nyingi huo ndio mkavu, upake huo pekee wakati unashughulikia maji.

Ghorofa ya Nairobi au Dar, dirisha linaangalia ukuta wa jirani, chumba cha kulala: chumba kizima, ila ongeza taa mbili za pembeni kwenye bajeti kabla ya rangi.

Mume anataka giza mke anataka nyeupe, au kinyume chake: sisi tulimaliza hivi, sebule yake, chumbani kwangu, na sasa yeye ndiye anayelala saa tatu akisema chumba kimetulia. Sebule bado namwambia ule mfereji wa waya uko palepale, jioni ukiwasha laiti.